Meza ya Mwalimu Mkuu: shajara ya mradi, Januari hadi Septemba 2025

Januari 20

Tumeanza leo. Shule za msingi 9 katika kata mbili, huku Kusini kwenye mikorosho. Tuko wawili: mimi niliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mwenzangu aliyefanya kazi ya uhasibu serikalini. Hatuna ukumbi wala vitini vya semina. Tulichokubaliana na walimu wakuu ni kwamba kila baada ya wiki mbili mmoja wetu atafika, atavuta kiti, na kazi ya siku hiyo itakuwa ile tutakayoikuta mezani.

Kwa nini sasa? Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Mwaka huu umepanda hadi la pili na la nne. Walimu wa madarasa wamepata mafunzo, wana MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ya kukutana na kujadiliana, na vitabu vinapatikana hata katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini mtaala ukibadilika, ratiba nayo inabadilika, mgawanyo wa vipindi unabadilika, maswali ya wazazi yanabadilika, na hayo yote humfikia mtu mmoja. Nimekaa kwenye kiti hicho. Najua usiku wake ulivyo.

Januari 23

Shule ya bondeni, wanafunzi 612. Niliketi pembeni ya mwalimu mkuu kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, nikawa naandika tu kila kilichoingia ofisini. Mzazi aliyetaka barua ya uhamisho. Fundi aliyekuja kudai baki ya madawati. Ujumbe wa WhatsApp wa kata: takwimu za wenye mahitaji maalumu zifike kabla ya saa sita. Mtendaji wa kijiji kuhusu mipaka ya shamba la shule. Simu mbili za halmashauri. Katikati ya hayo, rundo la maandalio ya masomo likisubiri saini na muhuri.

Saa tatu na nusu hivi mwalimu wa darasa la nne alisimama mlangoni na kiongozi cha mwalimu mkononi. Alitaka kuuliza somo la Sanaa na Michezo alifundisheje, maana hajui kuimba kwa noti wala kuchora, na alipewa somo hilo kwa kuwa vipindi vyake vilikuwa vichache. Mwalimu mkuu akamwambia, "Nisubiri kidogo, mwalimu." Alisubiri amesimama, kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa aliotaka kuuonyesha. Kisha simu ikaita tena, naye akarudi darasani kimya kimya.

Mwalimu mkuu huyu si mzembe. Aliingia ofisini saa kumi na mbili na nusu. Nimeandika tukio hili mwanzoni kabisa ili tusije tukalisahau: swali la mtaala ndilo lililorudishwa mlangoni, na kila kingine kilipata nafasi.

Februari 3

Juzi Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Leo shule tatu nilizopita wanaizungumzia. Elimu ya msingi miaka sita badala ya saba, elimu ya lazima miaka kumi, mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari. Mwalimu mkuu mmoja aliniuliza, "Mzee, wazazi wakiniuliza hapa kijijini, nawajibuje?" Nikamwambia tulijibu swali hilo pamoja, kwa Kiswahili cha barazani, kabla hawajaliuliza. Tumeanza karatasi moja ya maelezo. Bado haijakaa sawa. Lugha yake ni ya waraka.

Februari 12

Mwenzangu wa hesabu amegundua kiini cha ugomvi wa shule ya bondeni. Nauandika kwa urefu kwa sababu naamini uko katika shule nyingi.

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, kijiji kina mwenyekiti mpya, kijana makini na mwepesi wa hesabu. Alisikia kwamba chini ya elimu bila ada kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Akazidisha kwa watoto 612, akapata 6,120,000. Akaenda ubao wa matangazo wa shule, akakuta jumla ya mapokezi ya mwaka ni karibu 3,670,000. Akatoa. Zimepungua shilingi 2,400,000 na ushei. Akanyamaza, ila kijiji hakikunyamaza. Tangu Desemba mwalimu mkuu akipita sokoni mazungumzo yanakatika.

Maelezo yenyewe ni mepesi. Katika zile 10,000, shilingi 4,000 hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazofika kwenye akaunti ya shule. Kwa watoto 612 hiyo ni 3,672,000 kwa mwaka, yaani 306,000 kwa mwezi. Juu ya hapo watu wamesikia kwamba mwalimu mkuu anapokea 200,000 kila mwezi, nao wakadhani inachotwa humo humo. Hiyo ni posho ya madaraka. Ni fungu la peke yake, haitoki kwenye ruzuku ya shule.

Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini hakuwaeleza. Akakaa kimya, kisha akasema: "Nikianza kujieleza kabla sijaulizwa, watasema nimejishtukia." Namwelewa. Nami niliwahi kunyamaza kwa sababu hiyo hiyo, na kunyamaza hakukunisaidia.

Februari 26

Leo tumesoma andalio moja tu. Desturi ya Jumatatu ni mwalimu mkuu kupokea maandalio yote, kutia saini, kugonga muhuri. Nilimwomba mwalimu mkuu wa shule ya njia panda aweke muhuri kando, tuchukue andalio moja la Historia ya Tanzania na Maadili, darasa la nne, tulisome na muhtasari wa somo ukiwa wazi pembeni.

Umahiri mkuu na umahiri mahususi vimeandikwa vizuri, vimenakiliwa neno kwa neno. Shughuli ya kujifunza inataka wanafunzi wachunguze historia ya eneo lao. Lakini ukitazama safu ya kitendo cha mwanafunzi unakuta: "Kusikiliza na kuandika notisi." Yaani mtaala mpya juu, somo la zamani chini. Mwalimu mkuu alilitazama muda mrefu. "Na mimi nimeshagonga muhuri mengine kama haya tangu Januari mwaka jana," akasema.

Tumekubaliana kwamba ataendelea kusaini yote, maana ni wajibu wake, lakini kila wiki atachagua moja alisome kwa kina na kukaa na mwenye nalo kwa robo saa. Moja tu. Nilishawishika kumpa mpango mrefu zaidi nikajizuia.

Machi 11

Ziara shule nne. Mbili barabara mbovu, nimefika nimechelewa. Hakuna jipya la kuandika, isipokuwa shule ya kule mlimani madaftari ya kamati yamepatikana. Yalikuwa kwa mwenyekiti wa zamani, chini ya uvungu.

Machi 22

Mkutano wa wazazi, shule ya bondeni. Tuliuweka Jumamosi saa tatu asubuhi kwa sababu ni Ramadhani na mchana watu wamechoka. Walikuja wengi kuliko tulivyotegemea. Wanaume chini ya mwembe, akina mama kwenye mikeka upande wa ukuta wa darasa la kwanza.

Mwalimu mkuu ndiye katibu wa Kamati ya Shule, hivyo kwa kawaida yeye ndiye husoma taarifa. Safari hii tulimwomba mwenyekiti wa kamati asome mapato na matumizi, na mwalimu mkuu ashike stakabadhi. Mwenyekiti alikuwa amefanya mazoezi siku mbili nyumbani kwa mwenzangu wa hesabu. Akasoma mstari kwa mstari: chaki, karatasi za mitihani, umeme wa LUKU, ukarabati wa mlango wa stoo, mipira. Kila akitaja kitu, mwalimu mkuu anainua stakabadhi yake, mjumbe mmoja anaipokea, inapita kwa watu, inarudi.

Kisha akasimama mwenyekiti wa kijiji. Nilijua atasimama. Akatoa hesabu yake ile mbele ya watu, bila matusi, tarakimu kwa tarakimu. Mwalimu mkuu akamjibu vilevile, tarakimu kwa tarakimu: 10,000, toa 4,000 ya vitabu, baki 6,000, zidisha 612. Kijana akazidisha mwenyewe kwenye simu yake. Akarudia mara ya pili. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Imekwenda sawa, mwalimu." Bibi mmoja akauliza vitabu vyenyewe viko wapi basi. Swali zuri sana. Vikaletwa vya darasa la nne, vikahesabiwa hapo hapo: vya Hisabati vinatosha, vya somo jingine watoto watatu wanashika kimoja. Hilo limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano na barua ya kuomba nyongeza imesainiwa na kamati, si na mwalimu mkuu peke yake.

Mkutano ulichukua saa mbili na robo. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sijaipata tangu nistaafu.

Aprili 9

Masika. Njia ya shule mbili imekatika. Tumezungumza kwa simu tu.

Mei 14

Ile karatasi ya maelezo ya mtaala sasa imekamilika, na aliyeikamilisha ni mzazi.

Tulikuwa shule ya njia panda, kikao cha kamati pamoja na wazazi wa la nne na la tano. Mwalimu mkuu alianza kueleza: watoto walioanza la tatu mwaka 2024 wako kwenye mtaala mpya, watamaliza elimu ya msingi darasa la sita. Wale walio mbele yao wanaendelea na mtaala wa zamani hadi la saba. Watu wakaitikia kwa vichwa, kama wanavyoitikia wageni.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina wa la nne na wa la tano. Huyu wa la nne atamaliza lini?" Mwaka 2027, akajibiwa. "Na huyu wa la tano?" Mwalimu mkuu akafungua mdomo, akasita, akahesabu kwa vidole: la sita 2026, la saba 2027. "2027," akasema. Yule mama akamtazama mumewe, kisha akatutazama sisi. "Wote wawili? Januari moja?"

Kikao kizima kikabadilika. Kila mwenye watoto wa kufuatana akaanza kuhesabu. Sare mbili za sekondari kwa mpigo, mabegi mawili, madaftari ya kidato cha kwanza mara mbili. Mjumbe mmoja akauliza sekondari ya kata ina vyumba vingapi vya kidato cha kwanza, maana Januari 2028 itapokea makundi mawili kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliuliza swali hilo mezani hapo, nami nikiwemo, na jambo lenyewe linajulikana kitaifa tangu mabadiliko yalipotangazwa. Linajulikana kwa wenye kusoma nyaraka. Halikuwa limefika kwenye mkeka wa yule mama.

Wazazi wenyewe ndio walioanza kutaja msimu. Huku fedha huonekana korosho zikishauzwa mnadani, mwisho wa mwaka. Misimu iliyobaki kabla ya Januari 2028 ni mitatu: huu wa 2025, wa 2026, na wa 2027. Wakakubaliana kila mwenye watoto wawili wa namna hiyo aanze kuweka akiba msimu huu. Mwalimu mkuu aliandika majina ya kaya hizo. Zilifika 17.

Karatasi ya maelezo sasa inaanza na swali la yule mama. Tumefuta aya mbili za mwanzo nilizoziandika mimi.

Juni 4

Niandike na shule ambayo hatujafanikiwa, maana bila hiyo shajara hii itadanganya.

Siku ya kwanza nilifika pale nikiwa nimeongozana na afisa elimu kata. Nilidhani ni heshima. Mwalimu mkuu aliona ukaguzi. Tangu siku hiyo kila nikifika meza imepangwa, faili zimenyooshwa, maji ya chupa yamewekwa, na hakuna kazi. "Huku tuko vizuri, mzee." Ratiba ya ukutani inaonyesha masomo mapya yote. Nikipita madarasani kipindi cha Sanaa na Michezo watoto wanafanya Hisabati, kwa sababu upimaji wa kitaifa wa la nne uko mwishoni mwa mwaka na shule ilishika nafasi ya chini kikata.

Simlaumu. Anapimwa kwa matokeo, na mtu niliyeongozana naye siku ile alikuwa bosi wake. Kosa la kuingia kwa mlango ule ni langu. Mwenzangu wa hesabu atajaribu kwenda peke yake baada ya likizo, bila daftari.

Julai 16

Yule mwalimu wa darasa la nne wa shule ya bondeni, aliyerudi darasani na kitabu chake Januari, leo alinikaribisha kwenye kipindi chake.

Mjumbe wa kamati, bibi yule yule aliyeuliza vitabu viko wapi, alikuwa ameketi chini mbele ya darasa akisuka ukili. Mbele yake miyaa imelowekwa kwenye beseni, mingine imepakwa rangi nyekundu na zambarau. Watoto wamekaa kwa makundi ya watano watano, kila kundi na ukili wake. Mvulana mmoja alikosea, rangi nyekundu ikaangukia mahali pa zambarau. Bibi hakumsahihisha. Alimwambia, "Rudi nyuma uhesabu. Moja chini, mbili juu. Ulipotea wapi?" Mtoto akafumua taratibu, midomo ikihesabu, akapaona. Mwalimu akiwa pembeni anaandika kwenye daftari la upimaji nani amegundua kosa lake mwenyewe na nani ameonyeshwa.

Hicho kilikuwa kipindi cha Sanaa na Michezo, na sijaona kipindi kinachofuata mtaala kuliko kile. Nilimuuliza mwalimu ilianzaje. Alisema mwalimu mkuu alimwita mwezi wa tano, akafunga mlango, akazima simu, akamwambia, "Lile swali lako la Januari, niulize tena." Walipokaa wakakumbuka bibi huyu anauza mikeka. Zamani wasingethubutu kumwita. Kijiji kilikuwa kinaona shule imekula fedha. Sasa bibi anakuja kila Jumatano, na kabla ya kuondoka anapita stoo kuangalia vitabu vyake, kama anavyoviita.

Jambo moja la kiutaratibu: mgeni anayefundisha ameandikwa kwenye muhtasari wa kamati na daftari la wageni, na mwalimu wa somo hatoki darasani. Hilo walimu wakuu wote 9 wamekubali. Ni kwa usalama wa watoto.

Agosti 6

Shule ya mlimani imepata fedha za madarasa mawili. Furaha, na mzigo. Ujenzi ni wa fosi akaunti, kwa hiyo shule ndiyo inayonunua vifaa na kumlipa fundi. Kamati tatu zinahitajika, ya ununuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na manunuzi yanapita kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni, NeST, ulioanza kutumika 2023. Mtandao haushiki ofisini. Mwalimu mkuu hupanda hadi kwenye mbuyu juu ya shule na kompyuta mpakato kwenye kapu.

Nilimwomba aandike kwa siku kumi za kazi alikuwa wapi. Siku saba: sementi, mchanga, mbuyu, mjini. Siku tatu shuleni. Madarasa aliyotembelea: moja.

Hapa ushauri wangu ulikuwa mfupi, akaukubali. Mwalimu mmoja kijana anayependa kompyuta aandae taarifa za mfumo, mwalimu mkuu abaki na uamuzi na saini. Kamati ya mapokezi ihesabu mifuko yenyewe na kuandika yenyewe. Mwalimu mkuu hahitaji kusimama pale lori linapoteremsha. Na saa mbili za kwanza za Jumanne na Alhamisi ni za madarasani, hata fundi akisimama getini. Mwenyekiti wa kamati alisema fundi akija saa hizo aelekezwe kwake.

Chakula cha mchana bado ni kidonda shule hii. Wazazi wako tayari kutoa mahindi, mwalimu mkuu anaogopa neno "mchango" tangu michango ya lazima ilipopigwa marufuku. Tumesoma pamoja mwongozo wa chakula shuleni: wazazi wakubaliane wenyewe kwenye mkutano wao, mapokezi yawe ya kamati, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa kuwa wa kwao hawajatoa. Mkutano umepangwa.

Agosti 28

Mwenzangu alikwenda peke yake kwenye ile shule. Walikaa nje chini ya mti, wakazungumza mpira na bei ya korosho. Alipoaga, mwalimu mkuu alimuuliza kama anaweza kumsaidia kusoma taarifa ya benki. Ni hilo tu. Atarudi wiki ijayo.

Septemba 17

Mtihani wa darasa la saba umekwisha wiki iliyopita, na zimetoka barua za uhamisho. Mwalimu mkuu wa shule ya bondeni anahamia shule nyingine, kata ya mbali nje ya mradi wetu. Nilikuwa na hofu. Nimeona mara nyingi mtu akihama na shule ikahama naye.

Leo yalikuwa makabidhiano. Anayekuja ni mama aliyekuwa mwalimu wa taaluma, mpole, mwenye macho ya kuangalia. Kamati ilifika yote. Zikahesabiwa funguo, muhuri, kitabu cha stakabadhi, rejista ya mali, faili za walimu. Kisha mwenyekiti wa kamati akatoa daftari kubwa lenye jalada la kijani, ambalo halimo kwenye fomu ya makabidhiano. Ndani yake kuna mapato na matumizi ya kila mwezi tangu Machi, upungufu wa vitabu kwa kila somo, ratiba ya wageni wa darasani, na orodha ya kaya zenye watoto wawili watakaomaliza 2027. Wamenakili utaratibu huo kutoka njia panda. Mwenyekiti wa kijiji, yule wa hesabu, ndiye aliyesoma ukurasa wa mwisho kwa sauti: salio la benki.

Mwalimu mkuu mpya alisikiliza bila kukaa. Waliokabidhiana walipotia saini, yule anayeondoka akamwonyesha kiti. Mama akashukuru, akaweka mkoba wake juu ya kiti, akauliza, "Darasa la nne ni lipi?"

Akaonyeshwa. Akatoka akaenda huko. Sisi tukabaki ofisini kumalizia kuhesabu funguo. Ulikuwa umebaki mmoja wa stoo ambao hatukuuona, hadi bibi wa mikeka alipoufungua upindo wa khanga yake na kuuweka mezani.